Kazi Iliyokwisha Bado Ina la Kusema

Mwaka 1963 Oxford University Press walichapa kitabu kilichoitwa Julius Caezar. Ilikuwa tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, na mfasiri wake alikuwa Julius Kambarage Nyerere, Rais wa Tanganyika. Aliitafsiri kwa mistari isiyo na vina, katika lugha ambayo washairi wake kwa karne nyingi walilelewa kwenye vina na mizani. Kitabu kilikuwa na kila sababu ya kuachwa kama kilivyo. Kilikuwa kimeshachapwa, kimeshasomwa, na aliyekiandika ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Mwaka 1969 kikatoka tena kikiwa kimesahihishwa, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo Nyerere akatoa na tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi.

Ukiyatazama yaliyotokea kati ya matoleo hayo mawili, unashangaa alipata wapi nafasi. Januari 1964 askari waliasi. Aprili ya mwaka huohuo Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, na Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo akisema hana muda wa kurudi kwenye kitabu cha zamani, nani atambishia? Hata hivyo alirudi, akaichukua mistari yake mwenyewe na kuifanyia kazi upya, kisha akasonga mbele kwenye tamthilia nyingine.

Nimekuwa nikilifikiria sana tendo hilo kwa sababu linakwenda kinyume na desturi tuliyoizoea maofisini, madarasani na karakanani. Sisi huipitia kazi inapoharibika. Basi likianguka, polisi wa usalama barabarani hufika na kupima alama za matairi. Mkaguzi akiandika hoja, mhasibu hushinda akifukua hati za malipo. Matokeo ya mtihani wa taifa yakiwa mabaya, mwalimu mkuu huitisha kikao. Ila kazi iliyokwenda vizuri huagwa kwa makofi, pengine na soda, na faili lake hufungiwa kabatini. Hakuna anayeitisha kikao cha kuuliza kwa nini mambo yalinyooka.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumezoea kuisoma methali hiyo kama onyo juu ya kiburi, na ni kweli inaonya. Nadhani inasema na jambo jingine: sifa humwondolea mgema sababu ya kuonja. Kabla ya kusifiwa alionja kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa na shaka. Baada ya kusifiwa anajua tembo lake ni zuri, basi haonji tena. Siku ladha inapoharibika, yeye ndiye wa mwisho kupata habari.

Kazi iliyofanikiwa huwa na mambo matatu yaliyochanganyika: ujuzi wa aliyeifanya, msaada wa watu wengine, na bahati. Mkandarasi amepata zabuni. Huenda bei yake ilikuwa nzuri na nyaraka zake zilikamilika; huenda kijana wa ofisini alikesha akipanga viambatisho; huenda pia mshindani mkubwa hakuomba mwaka huo. Mwalimu amefaulisha darasa zima la hesabu. Huenda amefundisha vizuri, na huenda vilevile watoto wale walipata msingi imara kwa mwalimu aliyewafundisha miaka miwili kabla yake na ambaye sasa amehamishwa. Mwenye kazi asipokaa chini kutenganisha mambo hayo matatu, yote huyaandika kwenye hesabu ya ujuzi wake. Mwakani ataingia kwenye kazi nyingine akijiamini kwa kiasi kisicho chake. Yule kijana ameondoka, mshindani amerudi, na mkandarasi anabaki kushangaa kwamba mbinu zilezile zimegoma.

Ndiyo maana naamini kwamba anayetaka kuendelea katika taaluma yake aanze na kazi iliyosifiwa. Iliyoharibika itajipigia kelele yenyewe. Iliyosifiwa hunyamaza, na ndani ya ukimya wake kuna udhaifu utakaomwangusha kesho.

Kurudi nyuma kwenyewe kuna namna yake. Wengi wetu tukisema tumeitafakari kazi, maana yake ni kwamba tumeikumbuka tukiwa kwenye daladala au tukisubiri usingizi. Kumbukumbu ni msimulizi mwenye upendeleo. Hukaza pale tulipokuwa hodari na kuruka pale tulipobabaika. Humpa mwenzetu maneno ambayo hakuyasema na kutuondolea sisi maneno tuliyoyasema. Kazi yapaswa kupitiwa kwa ushahidi wake yenyewe: barua iliyotumwa, mchoro uliotumika, daftari la mauzo, andalio la somo lenye tarehe. Nyerere alikuwa na kitabu mkononi. Mstari uliochapwa haubadiliki kwa sababu mwandishi wake anaukumbuka vizuri zaidi ya ulivyo.

Nijuavyo mimi, hakuna mahali panapolionyesha jambo hili waziwazi kuliko wodi ya wazazi. Katika chumba cha kujifungulia, kwa miaka mingi mama mwenye uchungu amefuatiliwa kwa karatasi ambayo wakunga huiita patografu. Juu kabisa yanaandikwa jina, idadi ya mimba, na saa aliyopokelewa. Chini yake kuna uwanja wa vijiraba vya mapigo ya moyo wa mtoto: kila nusu saa mkunga anasikiliza, anahesabu, anaweka nukta, na nukta zikiunganishwa zinakuwa mstari unaopanda na kushuka. Katikati kuna mistari miwili ya mshazari iliyochapwa tayari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, na kati yao pana nafasi ya saa nne. Njia ya uzazi ikipimwa, mkunga anaweka alama ya X. Chini zaidi kuna visanduku vya uchungu: anahesabu ni mara ngapi umekuja ndani ya dakika kumi, na anajaza visanduku kwa nukta, kwa michirizi au kwa kuvipaka vyote, kulingana na sekunde ambazo kila uchungu umedumu. X zikianza kuhamia kulia mwa mstari wa kwanza, huyo ni mama wa kuangaliwa kwa karibu, na kama yuko kituo kidogo, usafiri uanze kutafutwa.

Karatasi hiyo ilipewa mistari yake miwili mwaka 1972 na Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, ambayo leo ni Harare. Walitaka mkunga aliye zahanati ya mbali, asiye na daktari wa kumuuliza, ajue ni saa ngapi ampeleke mama hospitali. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliichukua na kuieneza, hasa baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987.

Ikitokea mama akafariki, karatasi hiyohiyo ndiyo huwekwa mezani. Utaratibu wa kupitia vifo vya uzazi unawataka wahudumu wakae pamoja, walisome jalada la marehemu saa kwa saa, na wasitafute mtu wa kulaumiwa. Tuseme nukta zipo saa nne usiku, zipo saa nne na nusu, kisha uwanja ni mweupe hadi saa saba. Weupe huo ni taarifa. Pengine mkunga alikuwa peke yake na kina mama sita. Pengine alikuwa nje akimpigia simu dereva wa gari la wagonjwa. Pengine kifaa cha kusikilizia mapigo kilikuwa kimoja na kilikuwa chumba kingine. Swali la nani alizembea lingefunga midomo yote chumbani. Swali la nini kilizuia mama asipimwe kwa muda wote ule linaifungua, na majibu yake yanaweza kugeuzwa kazi: kifaa cha pili kinunuliwe, zamu ya usiku iongezewe mtu, namba ya dereva ibandikwe ukutani. Kila jambo huandikwa pamoja na jina la atakayelifanya na tarehe ya kulimaliza.

Wauguzi wanajua pia kwamba zipo patografu zinazojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lipendeze. Nukta zinapangika vizuri, X zinafuata mstari, hakuna pengo. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kumfundisha mtu yeyote. Imeandikwa na kumbukumbu, na kumbukumbu imeandika kile kilichotakiwa kutokea. Nadhani kila taaluma ina patografu zake za kujazwa baadaye: ripoti ya robo mwaka inayotungwa usiku mmoja, kitabu cha mahudhurio kinachotiwa saini za wiki nzima Ijumaa, muhtasari wa kikao unaoandikwa baada ya kujua uamuzi uliishia wapi. Anayejijengea rekodi za aina hiyo anajinyima mwalimu wake wa kesho.

Na karatasi yenyewe haikusalimika kupitiwa. Kwa miongo kadhaa wakunga walifundishwa kwamba mama akishaingia kwenye uchungu kamili, njia yake inapaswa kufunguka walau sentimita moja kila saa. Mstari wa tahadhari ulichorwa kwa kipimo hicho. Kisha watafiti wakaenda katika hospitali za Nigeria na Uganda, wakafuatilia maelfu ya kina mama, na kuona kwamba wengi waliopita taratibu kuliko hapo walijifungua salama, yaani kipimo kile hakikuwa kigezo kizuri cha kumtambua mama aliye hatarini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mapendekezo yake, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu. Chombo kilichosifiwa dunia nzima, na ambacho mamilioni ya mama walihudumiwa kwacho, kilirudishwa mezani na kurekebishwa. Waliokipitia hawakuwadharau Philpott na Castle. Waliendeleza nia yao.

Katika kikao cha wodi ya wazazi kuna jambo ambalo mtu aliyejifungia peke yake na daftari lake hawezi kulipata, nalo ni watu wengine. Tunaambiwa kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni neno la faraja, lakini linachukulia kwamba mkosaji amekwisha kulijua kosa lake. Mara nyingi halijui. Linajulikana kwa mfagizi, kwa karani wa masijala, kwa mteja aliyeondoka bila kulalamika. Kujitathmini kwa mtu mmoja kuna mwisho wake, na mwisho huo ni upeo wa macho yake.

Hili pia Nyerere alilijua mapema. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Mwaka huohuo aliandika kijitabu kilichoitwa Tujisahihishe. Anawaeleza wana-TANU kwamba ukweli haujali ukubwa wala udogo wa mtu, na kwamba ukipuuzwa hulipiza. Anawaonya juu ya tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeisema. Ni ujumbe ambao unaweza kusomwa leo katika kikao chochote cha wafanyakazi, na kila mmoja akajua unamhusu.

Lakini kulijua jambo na kulitunza ni safari mbili. Mwaka 1972 serikali ilianzisha sera ya Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani wa kuchaguliwa, zikafutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Hivi vilikuwa vyombo vyenye mizizi. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ulianza mwaka 1933. Vilikuwa na kasoro zake, na sababu za kuvibadili zilitolewa. Ila vilikuwa pia vinywa. Diwani alikuwa anasimama kwenye kikao na kusema barabara haipitiki. Mjumbe wa ushirika alikuwa anauliza malipo ya pamba yako wapi. Vilipoondoka, nchi ilibaki na uongozi unaozisikia habari za kazi yake hasa kupitia maofisa walioifanya kazi hiyo.

Mwanzoni mwa 1977 Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Ni andiko la mtu mkweli. Anataja hatua zilizopigwa katika elimu, afya na maji, kisha anasema waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, na kwamba uzalishaji mashambani na viwandani hauridhishi. Viongozi wachache waliokuwa madarakani wakati ule wangeandika hivyo juu ya sera iliyobeba jina lao. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kabla ya halmashauri za wilaya na vyama vya ushirika kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Mwaka 1984, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly la London, Nyerere alitaja mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Mwaka uliofuata aliacha urais.

Nayasoma maisha hayo kwa heshima, na kwangu somo lake ni hili. Mtu yuleyule, mwenye tabia ileile ya kurudi kwenye kazi yake, aliisahihisha tamthilia ndani ya miaka sita, lakini kulisahihisha jambo la pili, la halmashauri za wilaya, kulichukua muongo mzima. Akili ni ileile, uaminifu ni uleule. Kitabu kilikuwa mbele ya macho yake, na kila msomaji wa Kiswahili aliweza kumwambia mstari fulani umepinda. Katika lile la pili, waliokuwa na uwezo wa kumwambia walikuwa wameondolewa mezani. Kasi ya mtu kujisahihisha inategemea wema wa moyo wake, na inategemea zaidi nani amebaki chumbani mwenye ruhusa ya kusema.

Kwa hiyo ninapozungumza na vijana wanaoanza kazi, na hata na wakubwa wenye vyeo, siwahimizi kwanza wajihoji. Nawahimiza wawatunze watu watatu. Wa kwanza ni yule aliyeipokea kazi: mgonjwa, mteja, mwanafunzi, msomaji. Yeye hajui ulivyohangaika, anajua tu kilichomfikia, na hicho ndicho kazi yenyewe. Wa pili ni yule uliyefanya naye, hasa wa chini yako, maana anajua ni wapi ulimwachia mzigo usio wake. Wa tatu ni yule aliyeirithi: fundi aliyekuja kukarabati ulichojenga, mwalimu aliyelipokea darasa lako, karani anayetafuta leo barua uliyoifaili wewe. Huyu wa tatu hatumuulizi kamwe, ilhali ndiye anayeziona kazi zetu zikiwa hazina sisi wa kuzitetea.

Kuwauliza kunahitaji swali jema. Ukimuuliza mtu kama kazi yako ilikuwa nzuri, atakujibu kwa adabu: nzuri, bosi, nzuri, mwalimu, Mungu akubariki, dada. Muulize ni mahali gani alikwama. Muulize ni kitu gani ilibidi akifanye mara mbili. Maswali hayo hayamlazimishi kukuvunjia heshima, na majibu yake yana saa na mahali, kama nukta za patografu. Kisha nyamaza uandike. Kinywa kikijibiwa mara mbili kwa utetezi, mara ya tatu hakifunguki.

Kinachobaki ni kuyapa majibu hayo makazi ndani ya kazi inayofuata. Tafakari isiyobadilisha kitu ni majuto au majivuno, na vyote viwili vinamwacha mtu palepale. Wahudumu wa wodi ya wazazi wanatufundisha kipimo: jambo, mtu, tarehe. Mwalimu aliyegundua kwamba wanafunzi walikwama kwenye sehemu za desimali na aliyeamua kuwa mwalimu bora hajaamua chochote. Aliyeamua kwamba muhula ujao desimali zitatanguliwa na wiki mbili za kupima vitu halisi darasani, na akaiandika kwenye azimio lake la kazi, ameshaanza kuwa mwalimu mwingine.

Haya yote yana wakati wake, na hapo ndipo wengi tunapochelewa. Tumezoea kuwaachia wastaafu kazi ya kutazama nyuma. Mtu anangoja sherehe ya kuagwa ndipo aseme angefanya nini tofauti, mbele ya watu ambao hawawezi tena kufanya naye. Maneno yake yatakuwa ya hekima, na yatawafaa wengine wakipenda. Lakini yeye mwenyewe aliyahitaji akiwa bado na zamu ya kuingia, darasa la kufundisha, nyumba ya kujenga. Kama una kazi uliyoimaliza mwaka huu na watu wakaisifu, ifungue wiki hii, kabla hujaanza nyingine, na umwite mtu mmoja aliyeipokea akuonyeshe alipokwama.